Msishushe dari

Nafundisha fizikia kwenye sekondari ya serikali iliyojengwa enzi za mkoloni. Ukarabati ulipotufikia, niliwekwa kamati ya mapokezi ya vifaa kwa sababu moja tu: vernia kalipa, kifaa cha kupimia unene, iko maabara kwangu. Kwa utaratibu wa fosi akaunti shule yenyewe hununua vifaa na kuajiri mafundi, na walimu ndio wanakamati. Nondo ya milimita 12 ikishushwa getini, naipima. Ikiwa nyembamba, inarudi kwenye gari lililoileta. Mwenye duka alininunia mpaka kazi ilipokwisha.

Mpango wa shule kongwe ulioanza mwaka wa fedha 2016/17 uligusa zaidi ya shule 80, zikiwemo Tabora Boys alikosoma Mwalimu Nyerere na Pugu alikofundisha. Shule ya Ihungo ni habari nyingine, kwani tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 liliiharibu vibaya ikabidi ijengwe upya. Kwetu kuta zilikuwa imara. Vilivyochoka ni paa, nyaya, mabomba na vyoo.

Sasa, dari. Madarasa yetu yana dari ya juu sana, matundu ya hewa karibu na kenchi, na madirisha ya luva. Wazee wale hawakuwa na feni. Waliachia joto lipande lijitokee lenyewe. Mchoro wa ukarabati ukaja unataka dari ya jipsamu ishushwe chini ya ile ya zamani na madirisha yawe ya aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la kusukuma la vioo viwili, ulifungue utakavyo, linapitisha hewa nusu tu. Wajaze humo vijana wa kidato cha nne mwezi wa kumi, saa nane mchana, halafu uwafundishe mawimbi! Nilibishana hadi madarasa yakaachwa na dari yake. Jengo la utawala nilishindwa: lina jipsamu na kiyoyozi, na Luku yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, inalia kila wiki.

Fundi wetu mkongwe, tuliyemwita Babu, aliparua ukuta kwa msumari akaniambia, "Mwalimu, hii si saruji, ni chokaa. Ukiipiga lipu ya saruji, unyevu utakosa pa kutokea." Akataka kuchanganya chokaa na mchanga. Mchanganuo wa gharama ulikuwa na saruji peke yake, kwa hiyo barua zikaandikwa, zikajibiwa, zikaandikwa tena. Upande uliowahi kupigwa saruji kabla ya ruhusa umeshaanza kuvimba na kubanduka vipande vipande. Upande wa Babu umetulia.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya umeme. Nyaya za zamani ziliwekwa kwa ajili ya taa, basi. Leo kuna chumba cha kompyuta. Tumepata nyaya nene, soketi za kutosha na waya wa ethi kila chumba. Wageni waliokuja kukagua walipiga picha marumaru.

Limebaki bwalo. Paa lake ni asbestosi, na vumbi lake likivutwa huleta saratani ya mapafu, kwa hiyo haliezuliwi kwa nyundo na vijana wa kujitolea. Linalowanishwa kwanza, linashushwa zima zima na watu wenye vifaa vya kujikinga, kisha linafukiwa. Fungu lake bado tunalisubiri. Kwa sasa shida yangu ni mwembe ulio pembeni: wanafunzi wakitungua embe, mawe yanatua juu ya paa lile. Nimeomba ukatwe. Mkuu wa shule karuhusu matawi tu.