Nilivyompata chura wa Amani baada ya ndoo kunishinda

Kila niliyemuuliza namna ya kumpata chura kabla sijaenda msitu wa Amani, Usambara Mashariki, Tanzania, alinipa jibu lile lile: chimbia ndoo, simamisha ukuta wa nailoni, asubuhi okota vyura. Nikafuata. Kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, nilikuwa nacho. Ndoo kumi na nailoni vikanimaliza laki moja na kitu, na siku mbili nzima tukachimba katikati ya mizizi.

Usiku wa kwanza mvua ilinyesha. Alfajiri ndoo zimejaa, mjusi mmoja amekufa maji. Iliniuma. Nikatoboa matundu chini, nikatia majani makavu wapate pa kujificha. Usiku uliofuata wakaja siafu. Nilipoinamia ndoo ya nne nikakuta msururu wao ukipanda na kushuka ukingoni, na chini kimebaki kifupa cha mguu, chembamba kama uzi. Kama huwezi kukagua ndoo usiku kucha, usizichimbie kabisa, na siafu wakionekana funika zote papo hapo. Mnyama uliyekuja kumlinda hastahili kufa hivyo.

Na chura mwenyewe hakuingia hata mara moja. Nilikuwa namtafuta Nectophrynoides tornieri, asiyezidi sentimita 3 na nusu, ambaye hahitaji dimbwi wala hapitii kiluwiluwi majini: jike huzaa vitoto vilivyokamilika. Mzee wa kijijini aliyetuongoza alizitazama ndoo siku tatu bila neno. Siku ya nne akasema, "Mwanangu, huyo usiku hupanda majani. Humo ndooni atafuata nini?"

Basi tukaacha ndoo, tukafuata mlio. Ni "ting" moja fupi, kama kijiko kimegusa glasi, kisha kimya. Ukigeuza kichwa, unaapa umetokea upande mwingine. Saa nzima nilizunguka kichaka kimoja. Mzee akaniweka mahali, yeye akasogea hatua kama sita, tukazima tochi. "Ting." Kila mmoja akanyoosha mkono kuelekea aliposikia, akautuliza. "Ting" ya pili, tukarekebisha. Ya tatu, tukawasha tochi kwa pamoja kufuata mikono yetu, na miale ilipokatana, juu ya jani la usawa wa kiuno, alikuwa amekaa, koo likituna na kunywea. Nilishika pumzi. Usiku ule tukahesabu kumi na mmoja.

(Vinyonga ni rahisi zaidi: usiku hulala kwenye ncha za matawi, na mwanga wa tochi huwaonyesha weupe.)

Wapo walioniambia glavu ni mbwembwe. Mimi nabadilisha jozi kwa kila chura, na buti nazisugua tope lote kabla ya kuzitia dawa ya klorini, kila ninapohama kijito. Chura wa maporomoko ya Kihansi, hapa hapa Tanzania, ni wa jenasi hii hii, Nectophrynoides. Bwawa la umeme lilipunguza manyunyu ya maporomoko hayo, kuvu inayoshambulia ngozi ikagunduliwa pale, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini; waliorudishwa kuanzia 2012 walitoka kwenye kizazi kilichotunzwa Marekani. Sitaki kuvu hiyo ipande Amani kwa soli ya buti yangu.

Ndoo nilimwachia mzee. Kwa kuwa zilishatobolewa, amepandia miche ya iliki.