Siku tuliyouza nyanya kwa Kiingereza

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa uchumi, chuoni Dar es Salaam, waliweza kuandika kwa Kiingereza maana ya mahitaji na ugavi bila kukosea hata nukta. Ukiwaambia wabishane kwa mdomo, darasa zima linainamia madaftari. Sikuwashangaa. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili. Kiingereza walichokikuta sekondari kilikuwa cha kujibia mtihani.

Asubuhi hiyo niliingia na kadi za maboksi. Nusu ya darasa wauzaji wa nyanya, nusu wanunuzi. Kadi ya muuzaji ina bei ambayo chini yake haruhusiwi kuuza tenga. Ya mnunuzi, bei ambayo hatakiwi kuivuka. Kadi ni siri, lugha ni Kiingereza.

Raundi ya kwanza walijigawa wawili wawili kwenye kona, na kila nilipokaribia mnong'ono uligeuka Kiingereza ghafla. Bei nazo zilitawanyika, tenga 14,000 hapa, 26,000 pale. Mchumi Edward Chamberlin alichezesha soko kama hilo chuo kikuu cha Harvard, Marekani, akaliandikia makala mwaka 1948, na bei zake pia hazikutulia. Vernon Smith, aliyewahi kulicheza akiwa mwanafunzi Harvard, baadaye akalirudia kwa namna yake: kila bei itajwe kwa sauti, wote wasikie. Zikakaribiana. Kazi yake ya majaribio ilimpatia Nobel ya uchumi mwaka 2002.

Mimi shida yangu ilikuwa zile kona. Nikawaita wote katikati, anayetaka kuuza au kununua apaze sauti. Hapo Kiswahili kikakosa pa kujificha. Ukiongeza 1,000 nakupa, ungewahi ningekupunguzia. Sentensi za masharti nilizozihubiri ubaoni wiki nzima zikatoka zenyewe, nyingine zikichechemea, ila biashara ilipita. Sikusahihisha, niliandika makosa pembeni. (Kumkatiza mtu katikati ya bei ni kumfukuzia mteja.) Bei zikaanza kukusanyika kwenye 19,000, 20,000.

Nataka kufunga kipindi, dada mmoja akasimama kupinga, kwa Kiingereza, wala sikumwita. Soko hili la uongo, akasema. Nyanya za Ilula, kule Iringa, zikifika soko la Ilala mkulima hamwoni mnunuzi, kati yao yupo dalali, na bei za pande zote anazijua yeye. Muuzaji mmoja akamrukia: bila dalali zitaozea kwenye lori! Wakashikana kwa maneno hapo mpaka darasa lililofuata likaanza kugonga mlango. Tukakubaliana wiki ijayo madalali wawemo, na kadi zao ataziandika yeye.