Kutafuta kikundi cha kuacha pombe ukiwa Moshi

Tangu broo aanze kwenda kwenye mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe) watu wananifuata inboksi kuniuliza nilikipataje kikundi, kwahiyo naandika hapa mara moja.

Kwanza acha kutafuta kibao. Hamna kibao barabarani, na ni makusudi, maana mle ndani mtu anajitambulisha kwa jina la kwanza basi, na unachokisikia unakiacha humohumo. Inabidi uulize. Moshi anzia kwa watu wa afya ya akili pale hospitali ya Mawenzi au KCMC, Arusha uliza hospitali ya Mount Meru, halafu waulize na waliopitia soba hausi (nyumba za kukaa ukiacha ulevi), hao ndio wanajua kila kitu kuliko hata manesi. Padri au mchungaji pia muulize, vikundi vingi hukutana kwenye vyumba vya kanisa japo AA yenyewe sio ya dini yoyote. Kwenye simu kuna programu ya kutafuta mikutano inaitwa Meeting Guide, na mikutano ya Zoom ipo kibao, ila mingi ni Kiingereza.

Ukipata namba uliza kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi hata ndugu anaingia, wa ndani ni wenye tatizo tu. Hakuna kiingilio, kikapu kinapita ukiwa nacho unaweka, na sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha.

Broo alikua ameshachoka mahubiri ya kila mtu nyumbani, kilichomshika ni kwamba kule anaongea na mlevi mwenzake. Na ndivyo AA ilivyoanza, mwaka 1935 huko Akron, Marekani, dalali wa hisa mmoja na daktari wa upasuaji, wote pombe imewachakaza, wakakaa wakaongea.

Jamani hili msilipite, mtu anayekunywa kila siku asubuhi mpaka jioni asikatishe ghafla nyumbani eti ana nia. Anaweza kutetemeka, kuona vitu ambavyo havipo, hata kupata degedege na kufa. Hospitali kwanza, mkutano baadae.

Aibu je? Moshi ni ndogo, ukiingia mahali asubuhi mchana shemeji yako wa Kiboriloni anajua. Kama ndo kinachokuzuia panda Kosta nenda Arusha, ni kama kilomita 80 tu. Na nyie mnaoishi na mlevi mna vikundi vyenu, Al-Anon, ipo tangu 1951, kama kwenu haijafika ipo ya mtandaoni. Mama yangu bado anakataa, anasema mgonjwa sio yeye.

Sasa hivi tunachowaza ni Desemba, Wachagga wote tunarudi nyumbani, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa na kata inazunguka kwa wazee, ukiikataa unaonekana umewadharau. Tumekubaliana broo akae upande wa kuchoma nyama na baba mdogo ndio awaambie wazee mapema. Baba mdogo amekubali, tatizo ni shangazi.