Bodi Inang'aa, Chesisi Inaoza: Land Rover ya Urithi

Masika yamefika, na usiku huu mvua inapiga mabati bila kupumzika. Mvua ya namna hii hunirudisha kwenye magari yaliyoegeshwa nyuma ya nyumba za marehemu, yale ambayo warithi hawana moyo wa kuyauza wala hawajui waanzie wapi kuyafufua. Katika hayo yote, Land Rover Series III ndefu, ile 109 (yaani inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), ndiyo inayodanganya zaidi. Unaondoa turubai, unalimwagia maji, vumbi linatoka, unakuta bodi nzima na rangi imepauka tu. Unajisemea: kumbe gari zima hili. Si zima.

Udanganyifu huo una asili yake. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kipimo baada ya vita, na bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright. Desturi hiyo ikaendelea hadi Series III, iliyotoka kiwandani kati ya 1971 na 1985. Alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi, mifupa inayobeba gari zima kutoka chini, ni chuma, ukuta unaotenganisha injini na kabini ni chuma, na fremu za milango ni chuma. Kwa hiyo gari huoza mahali ambapo jicho halifiki, huku sehemu inayoonekana ikiendelea kupendeza.

Chesisi yenyewe ni boksi refu lililoundwa kwa bamba za unene wa karibu milimita 2. Lina tundu chini za kutolea maji. Tope likiziba tundu hizo, maji hukaa ndani, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona lengelenge juu ya rangi, jua upande wa pili umeshakwisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa gari lililokaa Tanga, Mombasa au Bagamoyo, ongeza chumvi ya hewa ya bahari, ambayo hufyonza unyevu hata siku zisizo na mvua.

Ndiyo maana napinga desturi ya kuanza na injini. Naielewa: mlio wa injini ya mzee ukisikika tena, familia nzima hutoka nje. Lakini fedha ikiishia kwenye injini, chesisi hubaki kama ilivyo, na siku moja springi inang'oka na kipande chake barabarani. Siku ya kwanza ifanyie injini jambo moja tu: toa plagi zote nne, mimina kijiko kimoja kikubwa cha oili nyepesi katika kila silinda, rudisha plagi kwa mkono ili vumbi lisiingie, kisha iache ilowe. Wewe lala chini ya gari.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi ya zamani. Gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, kila sentimita tano. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti butu, kama ya kugonga kopo lenye mchanga. Pakilia vibaya, sukuma bisibisi, na usiionee huruma. Boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, huoza kwanza kwa sababu magurudumu huirushia tope. Halafu mikono ya pembeni inayobeba ukuta wa injini. Halafu juu ya vishikizo vya springi za nyuma, mahali tope hulala miaka bila kuguswa. Halafu pembe mbili za mbele zinazobeba springi za mbele. Ndani ya kabini, nyanyua mazulia uone sakafu ya miguu na chini ya nguzo za milango.

Hapo kwenye pembe ya mbele ya kulia pana jambo ambalo si la ufundi peke yake. Namba ya chesisi imegongwa papo hapo, kwenye kishikizo cha springi, na ndipo pia kutu hupenda. Fundi mwenye grenda anaweza kuifuta namba hiyo kwa dakika moja. Kwa gari la urithi hasara yake ni kubwa: kadi ya gari inasoma jina la marehemu, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye anayesaini uhamisho, na ukaguzi unalinganisha kadi na namba iliyoko kwenye chuma. Safisha sehemu hiyo kwa brashi ya waya ya mkono, isugue kwa chaki ili namba isomeke, ipige picha, na upate nakala ya kadi kabla hujakata chochote. Pembe ikiwa imeoza kiasi cha kubadilishwa, zungumza kwanza na mamlaka inayosajili magari.

Sasa kukata. Kosa ninaloliona mara nyingi ni bati jipya kuchomelewa juu ya kutu. Linashika mwaka mmoja, pengine miwili, kisha linabanduka na kung'oa chuma zaidi ya kile lililofunika, kwa sababu kati ya bamba mbili sasa kuna mfuko wa maji. Kata mpaka ufike chuma cheupe chenye unene wake kamili, hata kama kidonda kitakuwa mara tatu ya ulivyotarajia. Tumia bamba la milimita 2, si bati la paa, wala bamba la milimita 4 kwa kudhani zito ndilo imara: joto linalohitajika kuyeyusha zito hutoboa jembamba lililo jirani.

Kabla ya kuchomelea, toa betri na uchomoe altaneta. Toa pia tangi la petroli, ambalo kwenye 109 nyingi liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, na kwenye steshenwagoni liko nyuma. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke. Peleka nje kabisa, lisikae pembeni ya kazi.

Badilisha mkono mmoja wa chesisi kwa wakati mmoja, na bodi ikiwa bado imefungwa. Bodi ndiyo inayoshikilia vipimo. Ukikata mikono yote miwili kwa pamoja, ukuta wa injini unashuka kidogo tu, na baada ya hapo mlango haufungi tena hata uutengeneze namna gani. Fungua na kufunga milango kila baada ya hatua. Pengo likibadilika, simama. Kwa chesisi iliyovuliwa bodi, pima mishazari kwa futi ya chuma kutoka bolti ya springi ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili lazima vilingane.

Chomelea vipande vya sentimita mbili hadi tatu, hama upande wa pili, rudi. Mstari mmoja mrefu hupinda boksi. Ukiwa na mashine ya kuchomelea ya fimbo, fimbo ya milimita 2 au 2.5 inatosha, anza na ampea chache, ujaribu kwanza kwenye bamba la taka. Kazi ikishapoa, paka praima ya zinki nje, kisha nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi kupitia tundu zile zile za maji. Wengi humimina oili chafu ya injini. Mimi siikubali: ina asidi, hulainisha raba za springi, na huchafua ardhi inapodondoka.

Alumini nayo ina ugonjwa wake, unga mweupe. Inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Utauona chini ya milango, bamba la alumini lilipokunjwa juu ya fremu ya chuma, rangi ikivimba. Kupaka rangi upya hakusaidii. Kwangua mpaka alumini safi, tibu fremu, kisha tenganisha metali hizo mbili kwa ukanda mwembamba wa raba au mastiki, na kila bolti iwekewe washa ya plastiki. Puti juu ya unga mweupe hubanduka kabla ya masika yanayofuata.

Springi hazihitaji maneno mengi, isipokuwa hili: kaza bolti zake gari likiwa limeshuka chini kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu ya stendi, raba hufungwa katika hali isiyo yake, hujipinda kila wakati na kupasuka mapema.

Wakati huo injini imeshalowa siku kadhaa. Toa plagi tena, izungushe taratibu kwa hendeli ya mbele. Ikikataa, ongeza oili na usubiri. Usilivute gari likiwa kwenye gia, maana ringi ya pistoni iliyonasa huvunjika na kukwangua silinda. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani kabla ya kuwasha. Injini ya petroli ya lita 2.25 huchukua karibu lita 7 za oili pamoja na chujio, na oili ya daraja la 20W-50 inaifaa. Valvu zote ziwe na nafasi ya milimita 0.25. Valvu ziko 8, na hesabu ya tisa, namba mbili kujumlishwa zikafika tisa, haikosei: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1; ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3. Pointi za distribyuta ziwe milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80, na moto uende kwa mpangilio wa silinda 1-3-4-2.

Pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kufungua hedi. Silinda ikiwa chini, mimina kijiko cha oili upime tena: kipimo kikipanda, shida ni ringi, kisipopanda, ni valvu. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, tazama gasketi.

Injini ikiwaka lakini ikawa inatetemeka inapozunguka taratibu na kunywa petroli, na skrubu ya mchanganyiko haibadilishi kitu, kabureta ya Zenith, ile inayochanganya petroli na hewa, imepinda. Joto hupinda uso wake na hewa hupita kando ya ringi ya raba. Bandika msasa laini juu ya kioo, sugua uso huo kwa mwendo wa namba nane mpaka ung'ae wote sawasawa, weka ringi mpya. Nimeona watu wakinunua kabureta nzima kwa ajili ya ringi hiyo.

Spana ziwe za inchi. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 inaingia, inateleza, inaviringisha kona, kisha fundi anashika moto na patasi. Nati nyingi zilizoharibika kwenye magari haya hazikuharibiwa na kutu.

Breki usizijaribu kwa kuangalia tu. Hosi za raba za miaka arobaini huvimba kwa ndani, hupitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, na gurudumu hubaki limeshika. Badilisha zote, pamoja na silinda za magurudumu. Mbele, 109 ina mbili kila gurudumu. Tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT, kamwe si oili, kwani oili hutanua raba za silinda. Kutoa hewa, anza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na silinda kuu kwa gari la usukani wa kulia.

Mengine acha. Tundu ambalo mzee alitoboa kwenye dashibodi kufunga redio, kipini cha mlango alichochonga kwa mti: hivyo havizuii gari kusimama wala kwenda, na hakuna duka linaloviuza.

Mvua bado inanyesha. Mvua ya kwanza baada ya kazi kuisha, lala tena chini ya chesisi na tochi uangalie tundu za maji moja moja. Zinazodondosha maji meupe zimepona. Isiyodondosha kitu imeziba, izibue kwa waya usiku huo huo. Na penye tone la rangi ya chai, weka alama ya chaki, nyundo irudi hapo asubuhi.