Kuhariri filamu ya korosho: wiki ya tatu

Kwa aliyechelewa: hii ni filamu yetu ya darasani, binti aliyefeli mtihani na bibi yake anayebangua korosho uani, Mikindani. Mwalimu kasema isizidi dakika 12. Nahariria programu ya DaVinci Resolve ya bure kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8, na picha za 4K, yaani kubwa na nzito, zilikuwa zinakwama kila nikibonyeza. Nilipotengeneza proksi za 720p, yaani nakala ndogo nyepesi za kuhariria, ndipo nikapumua.

Jumatatu. Sauti, sauti, sauti. Siku ya kurekodi tuliisahau klapa, kile kibao kinachogongwa ili baadaye sauti ioanishwe na picha, na hakuna aliyekumbuka hata kupiga makofi mbele ya kamera. Picha ziko kwenye simu moja, sauti kwenye simu nyingine iliyofichwa ndani ya kanga ya bibi. Kilichotuokoa ni kazi yake. Kila kijiti kinapotua kwenye korosho kinalia *ko!*, na kwenye mchoro wa sauti pigo hilo linasimama kama mlingoti wa jahazi. Nikalishika pigo la kwanza, nikalioanisha na kijiti kwenye picha, ikakaa sawasawa.

Mwanzoni tu. Kufika dakika ya 9 ya klipu ileile, kijiti kinatua kwanza, *ko!* inafuata fremu 7 baadaye (fremu ni picha moja moja zinazounda video). Kwa fremu 30 kwa sekunde hiyo ni karibu robo sekunde, na jicho linaiona. Nikailaumu simu ya sauti jioni nzima, kumbe mkosaji ni simu ya picha: haikuwa inarekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Inapanda na kushuka yenyewe, hasa mwanga ukipungua, na sisi tulimkalisha bibi chini ya mwembe. Nikazipitisha klipu zote 46 kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, zitoke na fremu 30 zisizobadilika. Umeme ulikatika ikiwa klipu ya 31. Usiku wa manane nikamaliza, na *ko!* ya dakika ya 9 ikarudi mahali pake.

Jumatano. Nimeiondoa picha ya kivuko cha Msangamkuu. Sekunde 38, jua linazama upande wa mjini, maji yamekuwa ya shaba. Mwongozaji wetu alininunia: "Kaka, hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote!" Ni kweli. Ila binti hajawahi kuvuka kwenda popote katika hadithi, kwa hiyo anavuka nani? Ipo kwenye folda niliyoiita Makaburini, na wenzake kumi na kitu.

Alhamisi. Kupunguza upepo wa baharini kwenye maikrofoni. Hakuna la kusimulia.

Jumamosi. Tulimpelekea bibi aione. Si mwigizaji, ni mbanguaji kweli, tangu usichana wake. Tukamwamkia, tukaweka laptopu juu ya jamvi. Alicheka alipojiona anajipaka majivu mikononi ili mafuta ya maganda yasimbabue. Halafu akanyamaza. Ilipokwisha akauliza:

"Mjukuu wangu, korosho zangu mmezipeleka wapi?"

Sikumwelewa.

"Napiga, mara naona uso wa mtoto. Napiga tena, naona kuku. Hamna hata moja iliyotoka. Mtu ukipiga unaangalia imetoka nzima au imevunjika. Nzima ina bei yake."

Nilikuwa nakata kila mara kijiti kinapotua, kwa sababu pigo linaficha mkato vizuri, na nilijiona fundi. Nikarudi nyumbani nikatazama upya. Bibi akishapiga, anatulia kidogo, anaachanisha ganda kwa kidole gumba, macho hayabanduki. Hapo ndipo ilipo sura yake yote, nami nilikuwa naitupa.

Mapigo kwenye filamu ni 9. Kila moja nimeliongezea fremu 30, korosho inatoka, ndipo nakata. Moja imevunjika, nimeiacha hivyohivyo, maana inaangukia kabla tu ya binti kusema amefeli. Sauti ya *ko!* nayo nimeianzisha mapema, inasikika chumbani kwa binti kabla hatujauona ua.

Sasa filamu ni dakika 12 na sekunde 9. Sekunde 9 nimezitoa kwenye majina ya mwisho, ambako langu lilikuwa limetokea mara tatu.