Kanisa dogo libanwe kama kubwa kwa nini?

Mi nikisikia ushirika wa watu wachache unabanwa na vikao na michango ileile ya parokia kubwa nachoka kabisa. Kanisa la Uingereza angalau walistuka, sheria ya 2007 ilimpa askofu uwezo wa kutoa amri maalum, kikundi kipya cha ibada kinaanza hata ndani ya mipaka ya parokia nyingine, kasisi mwenye eneo anaulizwa maoni ila hana kura ya kuzuia (hapo patachimbika tu, mipaka wanaipenda hao!).

Parokia zilizochoka wanaziunganisha chini ya kasisi mmoja, sasa huyo Jumapili ni mbio, saa tatu huku saa tano kule, hata kusalimiana na watu mlangoni hawezi. Si wawaachie wasomaji wenye leseni (waumini wa kawaida, si makasisi) waongoze ibada ya asubuhi, wapo na wanaruhusiwa.