Corona, Queens: teksi ilinilia hela lakini nikafika kwa Louis Armstrong

Nikimkumbuka yule dereva wa teksi mpaka leo nasonya. Tulipatana bei vizuri tu Newark kwa binamu yangu, tulipofika Queens, New York, akaongeza hela ya madaraja, akaongeza ya foleni, akaongeza na sijui ya nini, halafu akasimama mbele ya kinyumba cha matofali kwenye mtaa wa watu wa kawaida kabisa, watoto na baiskeli zao, eti ndio hapa. Nikamwambia kaka acha utani, mi naenda kwa Louis Armstrong, yule Mmarekani wa jazi, wa tarumbeta. Tukabishana pale, muda unakwenda. Kumbe ndipo.

Ndani nikamsimulia dada anayetembeza wageni, akacheka sana. Akasema mwaka 1943 mwenye nyumba mwenyewe alifanya hivyohivyo! Mkewe Lucille, aliyekuwa mcheza shoo Cotton Club, klabu ya usiku ya New York, aliinunua nyumba mzee akiwa safarini, basi mzee karudi usiku na teksi, kuiona nyumba akadhani dereva anamtania, akamwambia nipeleke ninakokwenda bwana. Lucille akafungua mlango, ndo akaamini. Inasemekana dereva naye alikaribishwa chakula. Wangu mimi hata chenji hakurudisha.

Na kweli Armstrong angeijuaje nyumba, alikuwa hakaagi. Tangu 1935 alikuwa chini ya meneja wake Joe Glaser na bendi kubwa, kazi ilikuwa basi, ukumbi, basi, ukumbi, anapuliza noti za juu mpaka mdomo unapasuka, halafu mdomo huohuo anaimbia. Mwaka 1947 bendi kubwa zilishakuwa mzigo kuzilipa, akabaki na watu wachache, All Stars, lakini safari ziko palepale. Oktoba 1960 alitua Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo, Wakongo wakambeba juujuu kwenye kiti kama chifu, Novemba akapiga hadi Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo.

Jiko lote ni bluu. Bafu ni vioo kila upande na mabomba ya rangi ya dhahabu, hapo nikasema ahaa, kumbe hela zilikuwepo. Ila kilichonimaliza ni ofisi yake yenye mashine za tepu. Alikuwa anajirekodi akiwa na wageni, akipiga stori, na makasha ya tepu anayabandika picha alizokata kwa mkasi. Dada akawasha mojawapo, ile sauti ya kukwaruza ikatoka pale chumbani kabisa, anaongea tu, nywele zikanisimama. Mtu kafa Julai 1971!

Nikawaza Morogoro. Mwanamuziki wetu Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979 kwa ajali Kenya, nyimbo zake kila harusi ya wazee bado zinapigwa, ila mi nimeshuka stendi ya Msamvu mara nyingi na sijawahi kuona kibao kinachonielekeza alikoishi. Sijui tunangoja nini, maana waliocheza naye muziki wenyewe wanazeeka.

Tiketi ya kuingia nayo haikuwa ya bei rahisi, sijanung'unika sana. Siku zilizobaki New York ni maduka na miguu kuuma, sina la kusema. Kurudi kwa binamu nikapanda treni, kutoka Corona mpaka Manhattan ni kama dola tatu tu, na dirishani unaona Queens yote bure.